Sura ya Sita: Kibanja Ndani ya Kiwanja

Ukoka wangu ulifika Kayanga, wilayani Karagwe, kwa basi la kutoka Mwanza, viroba vinne ndani ya buti, nimeulipia nauli utadhani abiria. Nyumba ilikuwa imekwisha: bati la rangi, madirisha ya alumini, kibaraza chenye nguzo mbili. Mbele yake nilitaka pawe kama kwenye picha za kalenda, zulia la kijani, njia ya pevingi katikati na mawaridi mawili matatu pembeni. Fundi wa bustani alipanda Novemba, mvua imeshika. Januari nilikuwa naita watu waje kupiga picha. Julai, kiangazi kimekaa, zulia lilikuwa na rangi ya gunia, na kila dumu la maji nililolimwagia lilikuwa la kununua.

Upande wa chini napakana na mama mmoja mzee ambaye kibanja chake kilikuwapo kabla mji haujamfikia. Alikuja siku moja akasimama irembo, pale panapoingilia nyumbani, akatazama kwa muda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizi nyasi unamlishia nani? Ng'ombe huna."

Sikuwa na la kumjibu. Jibu nimelipata polepole, kwa jembe, na sehemu kubwa ya sura hii ni hilo jibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili na Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, vilirithi neno moja vikalipeleka pande mbili. Kwa Mswahili, kiwanja ni ardhi tupu inayosubiri kitu: nyumba, mpira, ndege. Kwa Mnyambo, kama kwa Mhaya wa Bukoba na Muleba, ekibanja ni ardhi iliyokwisha kujaa. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, katikati ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni maharage, magimbi na maboga. Viazi vikuu vimeparamia mti wowote uliosimama karibu, na juu ya vyote hivyo mti wa omushambya au mparachichi umetandaza kivuli. Mahali fulani humo ndani wamelala babu na bibi. Anayeuza kibanja anauza na makaburi, ndiyo maana mambo ya kukiuza huanza kwa ukoo kukaa kikao, na mara nyingi huishia hapohapo.

Pita njia ya Omurushaka kwenda Kaisho na Murongo asubuhi, utaona ninachokisema. Vilima vya juu vina nyasi tupu na mawe. Ukishuka macho kwenye miteremko na mabonde, kijani kinabadilika, kinakuwa kizito, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Nyumba huzioni. Unaona migomba, kisha bati moja moja limejitokeza katikati, kisha moshi. Macho ya mgeni husema pale kuna msitu. Mwenyeji anasoma majina: kwa fulani, kwa fulani, na kile kilichokonda ni cha fulani ambaye watoto wamehamia Dar es Salaam.

Watu wa huku wana jicho kali la uzuri, ila halianzii kwenye maua. Mgeni wa heshima akiingia kwa mtu hutazama mambo yake kimyakimya. Majani makavu yamekatwa au yananing'inia kama matambara? Udongo umefunikwa matandazo au uko wazi, unapigwa jua? Kila shina la mgomba limebaki na mimea mingapi? Magugu je? Kibanja kilichopaliliwa na kutandazwa vizuri kina mwanga wa namna yake, kama ukumbi wa nguzo za kijani wenye zulia la kahawia. Hakuna aliyekiita bustani ya mapambo, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba pambo na chakula ni vitu vya kutenganisha.

Jicho la namna nyingine lilikuja kwa miguu kutoka pwani. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Karagwe wakapokelewa na Mfalme Rumanyika, mtu mkarimu aliyewatunza vizuri. Grant, mguu ukiwa umeoza kwa kidonda, alibaki kwake kwa miezi kadhaa baada ya mwenzake kutangulia Buganda. Wote wawili walilipenda sana ziwa dogo lililokuwa chini ya makao ya mfalme. Wakaliita "Little Windermere", Windermere ndogo, kwa kuwa Grant aliona linafanana na ziwa la jina hilo la kwao Uingereza. Simlaumu mtu kwa kukumbuka kwao. Ila nikitazama picha za ule ukoka wangu naona nilifanya kama wao: nilisimama mbele ya nchi nzuri nikaipa jina la mahali pengine.

Kilichobadilika ni ukubwa wa ardhi. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012, na kuanzia hapo miji midogo kama Nkwenda, sawa na Kayanga na Omurushaka upande wa pili, imekuwa ikipimwa na kuuzwa vipande vipande. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa kahawa na wa ndizi, watu waliokulia katikati ya migomba, sasa wananunua kiwanja cha mita 20 kwa 30 na kitu cha kwanza wanachofanya ni kung'oa kila kilichokuwapo. Chakula kinafukuzwa nyuma ya nyumba, jirani na choo, kama mtoto mchafu wageni wanapokuja. Mbele inamwagwa zege.

Nami nadai kwamba kiwanja cha ukubwa huo kinabeba kibanja kidogo, tena mbele ya nyumba, na kitapendeza kuliko ukoka wa mtu yeyote hapa mkoani Kagera. Wazo lenyewe halina ugeni wowote. Huko Villandry, Ufaransa, bustani ya kasri inayovuta watalii kwa maelfu ni ya mboga; Joachim Carvallo alilinunua kasri hilo mwaka 1906 akapanda kabichi, viazisukari na maboga kwa mistari na rangi kama fundi wa mazulia. Nyumbani Tanzania, kihamba cha Wachaga cha Shimbwe Juu, Moshi, kiliingizwa na FAO mwaka 2011 katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye thamani ya urithi kwa dunia. Kihamba ni ndugu wa damu wa kibanja. Mnyambo aliyeng'oa migomba ili aweke pevingi ametupa kitu ambacho wenzake wanakitangaza.

Sasa kazi. Kwanza maji, kwa sababu hapo ndipo wengi wa Karagwe na Kyerwa wanadanganywa na jina la Kagera. Mvua ya mkoa huu hupungua kadiri unavyoliacha Ziwa Viktoria kwenda magharibi; Bukoba inaloa karibu mara mbili ya sisi. Mtu asiige bustani ya shemeji yake wa Bukoba. Badala yake aangalie bati lake. Milimita moja ya mvua ikidondoka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye eneo la mita 100 za mraba, mvua ya jioni moja ya milimita 20, ni lita 2,000 zinazodondoka na kuchimba mtaro kwenye msingi wa nyumba yako. Weka mifereji ya bati na tangi. Tangi likifurika, ziada iongoze kwa kijitaro hadi kwenye shimo pana lililojazwa taka za shambani, na ukingoni mwake panda magimbi. Gimbi linapenda miguu iliyoloa. Majani yake makubwa yenye umbo la moyo yakiwa mstari mmoja chini ya kibaraza, na matone ya mvua yakiviringika juu yake kama zebaki, hutatafuta ua jingine la kuweka pale.

Maji ya kuoshea vyombo nayo yaende kwenye migomba. Mama zetu walijua hili bila somo: shina lililo karibu na jiko, linalopata majivu, maganda ya ndizi na maji machafu, siku zote ndilo nene kuliko yote. Mtu akipima rutuba ya kibanja kuanzia ukutani kwenda mpakani atakuta inapungua kila hatua. Kwenye kiwanja kidogo hilo ni bahati, kwa kuwa hakuna sehemu iliyo mbali na jiko.

Mgomba wenyewe. Hapa nitakaa, mtanivumilia.

Kwenye kipande cha mbele chenye upana wa mita tano na urefu wa ishirini unaweza kuweka mashina saba, kwa mistari miwili inayopishana, shina na shina mita tatu. Usisogeze shina karibu na ukuta kwa chini ya mita tatu, maana upepo wa Agosti haujui bati lako liligharimu kiasi gani. Chagua aina kwa jicho na kwa tumbo. Ndizi za kupika za asili yetu zina mashina yenye madoa meusi yanayong'aa, na mkungu wake unaning'inia vizuri. Enkonjwa, ndizi ya kuchoma, ina chane chache na vidole virefu vilivyopinda kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Shina moja la hiyo mbele ya kibaraza lafaa kuliko sanamu. Kisukari ni mrefu na mwembamba, mpe kona. Embire, za pombe, ziache kwa mwenye nafasi na mwenye kiu. Kuna pia aina chotara zilizoletwa na mradi wa maendeleo uliofadhiliwa na Ubelgiji hapa Kagera kati ya 1997 na 2002, kama FHIA 17 na FHIA 23, zenye mikungu ambayo mtu mmoja habebi. Zinavutia macho, na zilipandwa kwa sababu ya kuvumilia magonjwa na udongo uliochoka. Kwa kupika, wazee hukunja uso. Mimi ninalo shina moja, na nalitumia kuwanyamazisha wageni wa kutoka Kilimanjaro.

Jambo ambalo mtu wa mjini hulisahau ni kwamba mgomba hutembea. Chipukizi huota ubavuni mwa mama. Mama akikatwa, mtoto amesimama hatua moja pembeni. Mjukuu atasimama hatua nyingine. Baada ya miaka sita mistari yako iliyonyooka imegeuka kuwa umati wa mnadani. Dawa yake ni kuchagua. Kila shina libaki na vizazi vitatu tu, mama aliyezaa au anayekaribia, mtoto wa kimo cha kiuno, na mjukuu anayechungulia, na chipukizi unalobakiza liwe upande mmoja kwa mashina yote, tuseme mawio. Hapo mistari inahama yote pamoja, kama askari kwenye gwaride, na nafasi kati yao haiharibiki. Nilipoambiwa hili mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaenda kwa mama jirani nikahesabu mashina yake: yote yalikuwa yanaelekea upande mmoja, na hakuna bwana shamba aliyewahi kumfundisha.

Machipukizi ya kwanza niliyapata mnadani, kwa mchuuzi aliyeniapia kwamba ni safi. Hayakuwa safi. Miezi minane baadaye nilisukuma mgomba kwa kiganja ukaanguka. Tunguu lake la chini lilikuwa limetobolewa mashimo kama ubao wa zamani. Fukusi. Tangu hapo chipukizi haliingii kwangu bila kumenywa. Unalikata mizizi yote, unalibandua ngozi ya nje mpaka nyama nyeupe ionekane, na ukiona mashimo meusi yanayoingia ndani unalitupa. Kisha lizamishe kwenye sufuria la maji yanayochemka kwa sekunde 30, ulitoe. Linasikika kama ukatili, ila mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi hufa na chipukizi linabaki hai.

Hata hivyo fukusi ni mgeni wa mezani ukimlinganisha na mnyauko. Ugonjwa huu wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukavuka ukaingia Kagera. Watu waliokuwa wanakula ndizi kutwa mara mbili walijikuta wananunua unga. Dalili zake azijue kila anayepanda mgomba hata mmoja: majani yananyauka na kuwa ya njano kana kwamba yamepigwa na moto kwa mbali, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani yake ni kahawia, na ukikata shina linatoa ute wa manjano. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Kuna tabia tu, na mbili ndizo kubwa.

Ya kwanza ni ua dume, lile bonge la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu. Ni zuri, sitabisha, na mtu wa bustani ya mapambo atataka kuliacha. Asiliache. Wadudu huja kunywa utomvu wake, na wanapotoka kwenye mgomba mgonjwa wanaleta bakteria kwenye makovu mabichi yanayoachwa na maua yanayopukutika. Chane ya mwisho ikishafunguka, chukua mti mrefu wenye panda, lishike kikonyo kwenye ile panda, zungusha mpaka livunjike. Kwa kijiti. Ukitumia kisu umeharibu hesabu, maana tabia ya pili ni hiyohiyo: panga lililogusa mgomba mmoja lisiguse mwingine kabla halijapitishwa motoni au kufutwa kwa jiki. Nimeona mtu mwenye shahada anayenawa mikono kabla ya kula, ananawa na baada ya kula, halafu anaazima panga la jirani kwenda kupogolea migomba yake bila hata kulifuta. Mgomba ulionyauka ukatwe usawa wa udongo na uachwe palepale, usiburuzwe katikati ya mizima.

Chini ya migomba ni mahali pa matandazo, nyasi kavu au majani yake mwenyewe, unene wa kiganja, yasigusane na shina. Hii ndiyo sakafu ya bustani yako. Mwenye ukoka hukata nyasi azitupe. Huku nyasi zinaletwa kwa mizigo kutoka vilimani zitandazwe.

Kahawa nitaisema kwa kifupi ila kwa msisitizo. Watu hupanda mbuni mmoja mbele ya nyumba kama pambo, wanangoja, wanapata maua na punje chache za kuhesabika, wanalaumu udongo. Robusta, kahawa ya wengi hapa Kagera, haijichavushi. Inataka chavua ya mbuni mwingine usio nakala yake. Panda mitatu, kutoka sehemu tofauti, na uipogolee kimo cha kufikia mkono. Siku chache baada ya mvua ya kwanza kufuata kiangazi, matawi yote hufunikwa maua meupe kwa mkupuo, yana harufu ya asumini, na siku mbili tatu baadaye yamekwisha. Ukiwa safarini umeyakosa mpaka msimu mwingine. Matunda yake mabichi huchemshwa na majani ya kunukia, yakaushwe, yatafunwe: ndiyo akamwani anayokaribishiwa mgeni kabla hajaulizwa habari. Ni jambo la raha kumkaribisha mtu kwa akamwani yaliyochumwa hatua tatu kutoka kwenye kiti alichokalia.

Wenye uvumilivu wapande vanila. Ni okidi, ua la kifahari ambalo wenzetu hulinunua kwa chungu, na mkoani kwetu hupandishwa juu ya mbono kwenye kivuli cha migomba. Wilaya zetu ni kavu kidogo kwake, kwa hiyo mpe kona yenye unyevu karibu na tangi. Tabu yake ni moja: ua linafunguka alfajiri, mchana limesinyaa, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha. Unalifanya wewe, kwa mwiba au kijiti cha kuchokolea meno, unainua kile kiulimi kinachotenganisha dume na jike, unabonyeza kwa kidole gumba. Aliyegundua njia hiyo, mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Réunion, alikuwa mtumwa wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond, ambaye baada ya kuachwa huru alipewa jina la Albius. Dunia nzima inachavusha vanila kwa kidole cha yule mtoto, na yeye alikufa maskini. Kila asubuhi ya maua mimi humkumbuka. Mke wangu hukumbuka kwamba chai inapoa.

Vilivyobaki ni rangi, na hapa kila mtu ana uhuru wake. Nyanya chungu, zikianza nyeupe na kumalizia na rangi ya machungwa kwenye mti mmoja, hupendeza hata usipozila. Mchicha wa majani mekundu uliopandwa kwa ukanda mwembamba kando ya njia, nyuma yake pilipili, nyuma yake choya yenye vikombe vya damu ya mzee. Mchaichai ukingoni mwa matuta, unashika udongo usishuke na mvua, na jioni unakatwa wa chai. Pasheni juu ya lango, na aangalie mwenye gari, maana inadondosha. Mnanasi mmoja mmoja kwenye kona kavu ambako hakuna kingine kinachokubali. Mipapai panda mitatu shimo moja na usubiri ichanue, kwa sababu dume humjui hadi hapo. Bakiza jike, na kwa bustani nzima dume mmoja anatosha. Mpakani, kama huna haraka ya kujenga ukuta, rudi kwa omuramura. Ni wa ukoo wa drasena, ukoo uleule unaouzwa mijini kwenye vyungu vya kupambia ofisi, na wazee waliupanda kuwa alama ya mpaka. Ndani ya jina lake kuna kitenzi cha kuamua shauri. Mahali pengine pa mpaka weka alizeti pori, hili lenye maua ya njano linaloota kando ya barabara zote, ulikate mara kwa mara na kutandaza majani yake kwenye mboga: yanaoza upesi na ni mbolea nzuri ya bure. Ila lile ua refu jeupe linaloinamisha kichwa kama tarumbeta, ambalo siku hizi liko kwenye kila nyumba mpya, lina sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Mahali ambapo watoto wamezoeshwa kuchuma na kula, lisikanyage.

Najua manung'uniko. Nyoka. Nyoka anakaa kwenye rundo la takataka na kwenye nyasi ndefu. Kibanja kilichopogolewa unaona mpaka mwisho. Mbu. Hili lina ukweli nusu: wapo mbu wanaotaga kwenye maji yanayobaki kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi, ila si hao wanaoeneza malaria. Wa malaria wanataka madimbwi, mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Fukia hayo kwanza kabla hujaukata mgomba. Mizizi kupasua msingi, hapo nakubali kabisa, mparachichi na mfenesi viwe mbali, mita nane au zaidi, na kama kiwanja hakitoshi basi huna mparachichi. Mimi sina. Naomba kwa jirani.

Na harufu ya samadi? Iliyoiva hainuki. Shirika la MAVUNO la hapa Karagwe, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, liliwahi kwenda mbali zaidi: walijaribu mboji iliyochanganywa vumbi la mkaa, majivu na masalia ya shamba, pamoja na kinyesi cha choo kikavu kilichopitishwa kwenye joto kuua vimelea. Sijafika huko nyumbani kwangu, mke wangu alishasema neno lake. Vumbi la mkaa na majivu ya jikoni natumia, pipa moja kwa shimo, na samadi ya mbuzi ya kununua.

Ukoka haukuisha wote. Nilibakiza kipande cha mita nne kwa nne mbele ya kibaraza, pa kuwekea viti, na watoto wamekifanya uwanja wa mpira.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, mama jirani alikuja tena, safari hii hakuishia irembo. Alipita polepole katikati ya mistari, mikono nyuma. Akainama akasukuma matandazo kwa kidole cha mguu, akatazama udongo. Akachuma nyanya chungu mbili akazifunga kwenye pindo la kitenge bila kuuliza. Mbele ya lile shina la enkonjwa alisimama.

"Huyu ana watoto watano."

"Nilikuwa nangoja, mama, nione lipi lina afya."

"Unangoja nini? Nipe panga."

Nikamwambia panga lipo, ila nililitumia jana kule chini, halijapitishwa motoni. Nilidhani atanicheka. Alivuta kigoda chini ya mbuni, akaketi.

"Washa, basi," akasema. "Nina muda."